Mechi saba haziondoi bahati: dhana potofu kuhusu Kombe la Stanley

"Mechi moja unaweza kubahatisha, lakini humfungi mtu mara nne kwa bahati." Nafanya kazi ya takwimu za hoki ya barafuni, na kila hatua ya mtoano ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini inayowania Kombe la Stanley, ikifika nasikia sentensi hii, kwa mashabiki, kwa makocha, hata kwa watu wanaolipwa kuujua mchezo. Wanaamini mfululizo wa mechi saba, ambao wa kwanza kushinda mechi nne ndiye anayepita, unaichuja bahati yote na kumbakiza aliye bora. Si kweli, na hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inafukuzisha makocha wazuri.

Tupige hesabu. Chukua timu ambayo kweli ni bora kuliko mpinzani wake, yenye uwezekano wa 55% wa kushinda kila mechi. Timu 16 zinazoingia mtoano zote ni nzuri, kwa hiyo 55% si haba. Timu hiyo itapita mfululizo wa mechi saba kwa uwezekano wa 61% hivi. Maana yake, karibu mara 4 katika kila 10, aliye bora ndiye anayefungasha virago. Na kombe halichukuliwi kwa mfululizo mmoja, ni minne. Ukiikokotoa hiyo 61% kwa raundi zote nne, unabaki na 14%. Hata ukiipa timu 60% kila mechi, dhidi ya kila mpinzani, itabeba kombe mara moja tu katika nne.

Kwa nini hoki iwe hivi? Mabao ni machache. Kila timu hupiga mashuti kama 30 kwa mechi na kufunga kama matatu. Kisahani, ambacho kwenye hoki ndicho mpira, kinagusa kisigino cha beki, kinabadili njia, kinapita kati ya miguu ya kipa aliyezibwa macho na watu watatu mbele yake, na msimu umekwisha. Kwenye mpira wa kikapu kila timu hushambulia karibu mara 100 na nyota anaweza kucheza dakika 40 kati ya 48, kwa hiyo ubora unapata nafasi ya kujionyesha. Kwenye hoki mshambuliaji bora duniani yuko barafuni dakika 20 hivi kati ya 60. Ongeza ukomo wa jumla ya mishahara ambayo klabu inaruhusiwa kulipa, ulioanza 2005, ambao umefanya iwe vigumu klabu moja kurundika vipaji, na utaona kwa nini pengo kati ya timu ni dogo.

Angalia Tampa Bay Lightning. Msimu wa 2018-19 walishinda mechi 62 kati ya 82. Raundi ya kwanza wakapewa Columbus Blue Jackets. Mechi ya kwanza wakaongoza 3-0, wakapoteza 4-3. Nikita Kucherov akafungiwa mechi ya tatu, beki Victor Hedman akazikosa mbili za mwisho, wakatolewa 4-0. Nilichoambiwa baada ya hapo ni kwamba timu ni laini, kocha Jon Cooper aondoke, kikosi kivunjwe. Uongozi haukuvunja kitu. Waliongeza wachezaji wachache wa shoka, sawa, lakini nguzo zilibaki zile zile: Kucherov, Hedman, Brayden Point, kipa Andrei Vasilevskiy. Agosti 2020 wakakutana tena na Columbus, na mechi ya kwanza ikaenda hadi kipindi cha tano cha nyongeza. Kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, alikuwa ameokoa mashuti 85, rekodi ya mtoano, kabla Point hajafunga la 3-2. Tampa wakachukua kombe mwaka huo, wakalichukua tena 2021, na 2022 wakafika fainali. Anayesema 2019 ilifichua udhaifu wa tabia yao anieleze udhaifu huo ulikwenda wapi ndani ya miezi 16.

Wengine hunijibu kwamba angalau mechi ya saba huwa haidanganyi. Aprili 30, 1986, Edmonton Oilers na Calgary Flames walikuwa 2-2 kipindi cha tatu cha mechi ya saba. Beki Steve Smith wa Edmonton, siku hiyo akitimiza miaka 23, alijaribu pasi ndefu kutoka karibu na goli lake mwenyewe. Kisahani kikagonga mguu wa kipa wake, Grant Fuhr, kikaingia golini. Bao likaandikwa kwa jina la Perry Berezan wa Calgary, ambaye alikuwa ameshatoka barafuni. Edmonton wakatoka 3-2. Walikuwa mabingwa 1984 na 1985, wakawa mabingwa 1987, 1988 na 1990. Sioni namna ya kuamini kwamba timu hiyo ilikuwa mbovu mwaka mmoja tu katikati.

Ushauri wangu ni ule ule kila mwaka: kabla ya kumhukumu mtu, tazama nani alipata nafasi nzuri zaidi wachezaji wakiwa watano kwa watano mbali na makipa, yaani hakuna aliyetolewa kwa adhabu. Kisha jumlisha asilimia ya mashuti ya timu yanayoingia na asilimia ya mashuti ambayo kipa wake anaokoa. Jumla hiyo hurudi karibu na 100 kwa timu nyingi, kwa hiyo ikienda mbali na hapo, mara nyingi ni bahati. Ikiwa juu sana, usiongeze mkataba wa mtu kwa furaha. Ikiwa chini sana, usiuze kipa.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia kila mwaka, nazijibu moja moja. "Timu ya nane ikibeba kombe ni bahati tupu." Los Angeles Kings waliingia mtoano wa nane, nafasi ya mwisho, katika upande wa Magharibi wa ligi mwaka 2012, wakashinda mechi 16 na kupoteza 4 tu. Msimu mzima walitawala mashuti, ila yalikuwa hayaingii. Bahati mbaya ilikuwa kwenye ile nafasi ya nane. Msimamo wa ligi nao una bahati ndani yake, watu wanasahau.

"Muda wa nyongeza ni wa wenye moyo wa ubingwa." Montreal Canadiens walishinda mechi 10 mfululizo za muda wa nyongeza mwaka 1993 na kubeba kombe. Mwaka uliofuata, Patrick Roy akiwa bado golini, walitolewa raundi ya kwanza.

"Kipa akiwa moto, kombe ni lenu." Jean-Sébastien Giguère alikuwa mchezaji bora wa mtoano wa 2003, na Anaheim wakapoteza fainali. Halafu pima: katika mashuti 180, yaani mechi sita hivi, tofauti kati ya kipa anayeokoa 92% na wa 90% haifiki mashuti manne.

"Kutaja bahati ni kuwadharau mabingwa." Hapana. Timu zikilingana kwa ubora, jambo dogo ndilo linaloamua. Bahati inakuwa na sauti kwa sababu wote ni hodari. Florida Panthers walistahili 2024 na walistahili 2025.

"Detroit walijua kuchagua vijana." Kila mwaka klabu za NHL huchagua wachezaji vijana kwa zamu: Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, Henrik Zetterberg wa 210 mwaka 1999, na wote wawili waliipa Detroit Red Wings kombe la 2008. Maskauti wao wanastahili sifa kwa kuwaona Urusi na Uswidi wakati wengi hawakuwaona. Lakini mwaka ule wa 1998 Detroit wenyewe walichagua wachezaji wengine kwanza. Anayejua ana Datsyuk mkononi hasubiri majina 170 yapite.