Kabla hujampeleka mtoto kutahiriwa, mwangalie akikojoa

Kina mama wanaokuja kliniki hapa Kisumu na mvulana wa wiki mbili huwa na swali moja: "Daktari, tumpashe tohara sasa ama tungoje?" Mimi ni afisa wa kliniki, si daktari, ila hilo nimeacha kubishania. Swali lenyewe silijibu kwanza. Kwanza naomba nepi ifunguliwe.

Si kila mtoto anayeletwa anafaa kukatwa. Katika kila wavulana 200 hadi 300, mmoja huzaliwa tundu la mkojo likiwa si kwenye ncha bali upande wa chini wa uume. Mara nyingi govi lake huwa limefunika juu tu kama kofia iliyosukumwa nyuma, chini hakuna kitu, na uume wenyewe umepinda. Huyo hatahiriwi, hata baba akiwa na haraka ya kurudi kazini. Govi hilo ndilo ngozi ambayo daktari wa upasuaji huitumia kutengeneza njia ya mkojo, kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Likishakatwa na kutupwa, daktari hana pa kuanzia. Kwa hiyo kabla hujafunga safari, mvue nepi, mngoje akojoe, utazame mkojo unatokea wapi. Ukitoka chini, au ukimpiga kwenye mapaja badala ya kwenda mbele, tuambie kabla mtu hajashika kisu. Na kama aliyekupokea hakumkagua mtoto kabla ya kutayarisha vifaa, mchukue mwanao uondoke. Sitanii.

Yako mengine ya kuuliza. Mtoto awe amezaliwa kwa wakati wake, awe na uzito wa kilo 2.5 au zaidi, ananyonya vizuri, hana homa wala macho ya manjano. Je, kuna mjomba au kaka upande wa mama ambaye aking'olewa jino damu haikatiki? Ugonjwa wa damu kutoganda hupitia kwa mama ukawapata wavulana, na mama mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa. Halafu vitamini K. Mtoto aliyezaliwa hospitalini kwa kawaida hudungwa pajani saa chache baada ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani, au njiani kwenye bodaboda kama inavyotokea, huenda hakupata. Bila hiyo, damu ya mtoto mchanga huganda polepole. Wazazi Waislamu wanaotaka kuifanya siku ya saba pamoja na akika huwa nawaambia siku ya saba si tatizo, tatizo ni kuja bila kijitabu cha kliniki, maana ndimo nitakamoangalia.

Sasa, kuhusu UKIMWI. Huku kwetu watu wamesikia "tohara" na "HIV" zikitajwa pamoja mpaka wengine wanaamini mtoto akitahiriwa amechanjwa. Utafiti uliofanyika hapa Kisumu kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 ulichapishwa mwaka 2007 pamoja na ule wa Rakai, Uganda; wa Orange Farm, Afrika Kusini, ulikuwa umetangulia mwaka 2005. Tafiti zote tatu zilionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo wa 2007, na mwaka 2008 kampeni ikaanza Nyanza, jambo lililokuwa zito kwa Waluo, ambao jadi yao haikuwa kukata govi bali kung'oa meno sita ya chini. Mimi naiunga mkono kazi ile. Lakini hao walikuwa watu wazima. Mtoto wa wiki mbili ana zaidi ya miaka kumi kabla faida hiyo haijamhusu, na hata wakati huo atahitaji kondomu na kupimwa kama wenzake. Mtu akikuharakisha kwa jina la HIV, tulia.

Faida inayomhusu akiwa bado mchanga ni ndogo ila ipo. Kati ya wavulana 100 ambao hawajatahiriwa, mmoja hivi hupata maambukizi ya njia ya mkojo katika mwaka wake wa kwanza. Kwa waliotahiriwa ni mmoja hivi kati ya 1,000. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba manufaa yanazidi madhara, lakini si kiasi cha kumtaka kila mtoto atahiriwe, kikawaachia wazazi. Nami nakubaliana nao.

Wazazi, nimesema, yaani wote wawili. Kisumu ni mji wa ndoa za mchanganyiko, na sijaona ugomvi mkali kama wa baba Mbukusu anayerudi nyumbani na kukuta mwanawe amekwisha kutahiriwa na nyanya wa upande wa mama akisaidiana na muuguzi. Kwao Bungoma mvulana huingia tohara Agosti ya mwaka wa shufwa, pamoja na rika lake, na jina la rika hilo atalibeba mpaka kaburini. Huwezi kumrudishia mtu hilo. Kwa hiyo mimi nataka baba na mama waketi mbele yangu, na kama mmoja anasitasita, tunaahirisha.

Kuahirisha kuna mpaka wake, lakini. Kwa mtoto mchanga kazi hii hufanywa katika siku 60 za kwanza. Ngozi bado ni nyembamba, haihitaji kushonwa, na ganzi ya sehemu ile tu inatosha. Siku hizo zikipita, mara nyingi atahitaji kulazwa usingizi na kushonwa nyuzi, na hapo bila sababu ya kitabibu nakushauri ungoje akue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kuhusu tohara ya kujikinga na HIV unalenga vijana wa miaka 15 kwenda juu, umri ambao mwenyewe anaweza kusema ndiyo au hapana.

Siku yenyewe, uliza neno moja: ganzi. Bado kuna watu wanaosema mchanga hasikii uchungu. Anasikia. Anadungwa lignokaini kwenye shina la uume, tunangoja dakika kadhaa, na mdomoni anapewa maji ya sukari anyonye. Ndipo govi linaachanishwa na kichwa cha uume, kwa kuwa mtoto huzaliwa vikiwa vimegandamana, kisha linabanwa kwa kibanio na kukatwa. Vituo vingine hutumia pete ya plastiki inayobaki pale na kuanguka yenyewe baada ya wiki moja hivi. Ukiwa na pete, ihesabie siku: zikifika kumi haijaanguka, au ikiteleza kuelekea shinani, rudi usiivute.

Nyumbani ndiko mambo huharibika. Siku ya pili au ya tatu kichwa cha uume hufunikwa na utando wa manjano. Huo si usaha, ni kidonda kinapona, lakini nyanya akiuona ataleta maji ya chumvi na kitambaa ausugue. Mzuie kwa heshima. Kuna waliopaka dawa ya meno, na waliopaka majivu. Kinachotakiwa ni mafuta mepesi ya jeli yapakwe ndani ya nepi, upande wa mbele, kila unapombadilisha, ili kidonda kisinate, na maji safi ya vuguvugu. Hupona kwa siku saba hadi kumi. Matone machache ya damu kwenye nepi ni kawaida; damu ambayo haikatiki baada ya kubonyeza dakika kumi kwa gozi safi si kawaida, wala mtoto kukaa saa 12 bila mkojo, wala wekundu unaopanda tumboni, homa, au kukataa ziwa. Hayo hayangoji asubuhi.

Nimezungumzia wavulana tu. Kwa msichana hakuna ukeketaji salama, na sheria ya mwaka 2011 inaupiga marufuku hata ukifanywa hospitalini na mtu aliyesomea.

Mkiamua kutotahiri, hakuna ubaya wowote, ila kuna jambo moja hufanywa vibaya karibu kila nyumba: kulivuta govi nyuma ili "kusafisha ndani". Usilivute. Limegandamana, na ukilazimisha unachana ngozi, inapona na kovu, kisha kweli linakataa kufunguka. Osha nje kwa maji, basi. Litaachana lenyewe polepole, kwa wengine likichelewa mpaka karibu na balehe. Likivimba kidogo anapokojoa halafu mkojo ukatoka vizuri, acha. Akilia kila akikojoa au mkojo ukitoka kwa matone, mlete.