Kapla na baketi za kijiko kidogo: yanayosemwa saiti za Dodoma na ukweli wake

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, vijiko vidogo, yaani mashine ndogo za kuchimbia za tani moja hadi tani tano, vimekuwa jambo la kawaida mitaani. Utavikuta Nzuguni vikichimba mashimo ya maji taka, Iyumbu vikifungua misingi, Mtumba kwenye mitaro ya mabomba, na Hombolo kwenye mashamba ya zabibu. Kazi zikishakuwa za aina nyingi, mwenye mashine huanza kufikiria kapla, yaani kile kifaa kinachofungwa kati ya mkono wa mashine na baketi ili baketi ibadilishwe bila kugonga pini kwa nyundo kila mara. Ni kifaa kizuri, nami nakipendekeza kwa yeyote anayebadilisha baketi mara kadhaa kwa siku. Ila fedha nyingi zinapotea na watu wanaumia kwa sababu ya maneno yanayopokewa kutoka opereta mmoja hadi mwingine bila mtu kushika kipimo.

"Mashine yangu ni ya tani tatu, nipe kapla ya tani tatu"

Hapa ndipo fedha zinapopotea zaidi. Tani ni uzito wa mashine nzima, hazisemi lolote kuhusu pini. Kubota iliyotumika kutoka Japani na mashine mpya kutoka China zinaweza kulingana uzito na bado pini zao zisiingiliane. Vinavyoamua ni vipimo vitatu: kipenyo cha pini, upana wa kichwa cha mkono pale kinapoingia kati ya masikio ya baketi (vyuma viwili vyenye matundu ya pini), na umbali kutoka katikati ya pini ya mkono hadi katikati ya pini ya lingi (kiungo kinachoizungusha baketi). Kwenye vijiko vidogo pini za milimita 25, 30, 35, 40 na 45 ni za kawaida, lakini usibahatishe. Chomoa pini, futa grisi, ipime kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo) kwenye sehemu ambayo haisuguani na bushi (kipande cha bomba ambamo pini huzunguka). Pale katikati imeshalika, na ukiagiza kwa kipimo cha chuma kilicholika utaletewa kitu ambacho hakitaingia.

Umbali wa pini kwa pini huwasumbua wengi kwa sababu katikati ya tundu hakuna pa kushika futi. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Matundu yakiwa na kipenyo sawa, jibu ni lile lile la katikati kwa katikati.

Kisha ujue kwamba kapla ziko za familia mbili. Moja hushika pini za baketi za kawaida. Nyingine inataka baketi zenye kichwa maalumu kinacholingana nayo, kama ule mfumo wa Sweden unaoandikwa S40 au S45, ambapo namba ni kipenyo cha pini kwa milimita. Mfumo wa vichwa maalumu hushika imara sana na hauchezi, lakini kila baketi utakayonunua au kuazima lazima iwe na kichwa hicho hicho. Kwa Dodoma, ambako baketi nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumika na zimetoka mashine za kila aina, naona kapla ya kushika pini ndiyo inayomfaa mwenye mashine moja au mbili.

"Isipoingia, fundi wa kuchomelea atarekebisha"

Kuna marekebisho yanayokubalika. Tundu likiwa kubwa kuliko pini, fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuchonga bushi ya kupunguza, na kazi ikakaa vizuri. Tatizo linaanza masikio ya baketi yanapokatwa na kuchomelewa upya kwa kukadiria kwa macho. Moto wa kuchomelea huvuta chuma. Sikio moja likisogea milimita chache, pini haisimami sawa, bushi inaliwa upande mmoja, na kapla inashika vizuri kushoto huku kulia ikigusa tu. Ukilazimika kuhamisha masikio, dai kwamba shafti moja iliyonyooka ipitishwe kwenye matundu ya pande zote mbili na ibaki humo mpaka kazi iishe na chuma kipoe. Fundi anayesema hakuna haja ya shafti, tafuta mwingine.

"Ikishalia 'ta' imebana"

Naomba hapa msomaji atulie, kwa sababu sehemu hii inahusu uhai wa mtu. Sauti ya chuma kugonga chuma haithibitishi kwamba pini zote mbili zimeshikwa. Mara nyingi pini ya mbele inakaa vizuri na ya nyuma inabaki juu ya ndoano bila kuingia. Baketi itanyanyuka, itazunguka, itachimba hata mara kadhaa, halafu itachomoka siku mkono umeinuliwa na kibarua yuko chini ndani ya mtaro akipanga bomba.

Kapla za kubana kwa mkono hufungwa kwa spana au wenzo. Za haidroliki, yaani za mgandamizo wa mafuta, hufungwa opereta akiwa amekaa kitini. Kati ya hizi za haidroliki kuna zinazomtaka opereta ashuke akaweke pini ya usalama kwa mkono, na hapo ndipo uzembe unapoingia: pini hupotea, hubaki chini ya kiti, au nafasi yake huchukuliwa na kipande cha nondo. Nchini Uingereza wafanyakazi walikufa kwa kuangukiwa na baketi zilizochomoka kwa namna hiyo, na mamlaka ya usalama kazini ya huko, HSE, ikatoa maonyo kuhusu kapla zinazotegemea mtu akumbuke pini. Sasa kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa kapla, ISO 13031 cha mwaka 2016. Unaponunua, muulize muuzaji maswali mawili: je, kapla hii inafuata kiwango hicho, na mpira wa haidroliki ukipasuka, ni nini kinazuia baketi isidondoke? Akikosa jibu la swali la pili, usinunue.

Kila baketi inapobadilishwa, opereta aishushe karibu na ardhi, aikunje, aikandamize chini, kisha aivute na kuitikisa. Baada ya hapo ashuke atazame kwa macho kwamba pini zote mbili zimeshikwa na pini ya usalama ipo. Haifiki dakika mbili. Na wakati wa kubadilisha, asiwepo mtu ndani ya mzunguko wa mkono, hata yule msaidizi anayezoea kusimama karibu akielekeza kwa ishara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Mwenye kijiko kimoja na vibarua wawili naye ni mwajiri.

"Kapla ni ya kubadilishia tu, haigusi nguvu ya mashine"

Inaigusa, na kwa mashine ndogo unaona. Kapla inasogeza meno ya baketi mbali zaidi na pini ya mkono. Chukua mfano: ncha ya jino ilikuwa sentimita 80 kutoka kwenye pini, kapla ikaongeza 10. Nguvu ya silinda haijabadilika, lakini nguvu inayofika kwenye jino sasa ni takriban asilimia 89 ya ile ya mwanzo. Juu ya hapo kuna uzito wa kapla yenyewe, ambao unapunguza kiasi cha udongo unachoweza kuinua mkono ukiwa umenyooshwa. Kwenye kichanga cha korongoni hutahisi tofauti. Kwenye changarawe iliyokauka kiangazi chote cha Dodoma utahisi tangu kuchomeka kwa kwanza. Kwa hiyo chagua kapla fupi na nyepesi kadiri vipimo vinavyoruhusu, na kama mashine ni ya tani moja na nusu na inatumia baketi moja wiki nzima, kapla haina kazi hapo.

"Baketi kubwa inamaliza kazi mapema"

Chukua mtaro wa bomba wa mita 100, kina mita moja. Ukichimba kwa baketi ya sentimita 40, unatoa mita za ujazo 40. Kwa ya sentimita 60, unatoa 60. Hizo 20 za ziada hakuna aliyezihitaji, ila utazichimba, utazirudisha na utazishindilia, na mafuta ni yako. Bomba la milimita 110 linatosha kabisa kwenye mtaro wa sentimita 40.

Udongo nao una neno lake. Dodoma imekaa juu ya mwamba wa kale wa matale, na sehemu nyingi unakutana na mawe au changarawe ngumu kabla hujafika mita moja. Hapo baketi nyembamba yenye meno ndiyo inayopenya, kwa sababu nguvu yote inakusanyika kwenye meno machache. Pakikataa kabisa, tumia jino moja la kuchimbulia, kisha rudisha baketi uzoe. Breka ya haidroliki, ile nyundo ya kuvunjia mawe, ni habari nyingine: mtikisiko wake unaila kapla haraka, kwa hiyo soma kwanza kama mtengenezaji wa kapla anairuhusu, na kama ni kazi ya siku nzima, ifunge moja kwa moja kwenye mkono kwa pini zake.

Kwenye mbuga za udongo mweusi, kama kule Bahi, mambo yanageuka. Mvua za Desemba zikishanyesha, udongo ule unaganda ndani ya baketi nyembamba yenye kina na hautoki. Baketi pana isiyo na kina kirefu inamwaga vizuri zaidi. Ya kusawazishia, ile pana isiyo na meno, iweke kwa kumalizia tu. Ukichimbia changarawe utaipinda midomo.

Ningeanza na baketi tatu: ya sentimita 30 yenye meno, ya 40 au 45 yenye meno, na ya kusawazishia. Jino la kuchimbulia lifuate fedha ikiruhusu. Zote zipimwe pini kabla ya kulipiwa, hata zikiwa za muuzaji mmoja.

"Ndoano ikichomelewa mgongoni mwa baketi, kijiko kinakuwa winchi"

Usichomelee. Kama kapla ina sikio la kunyanyulia lenye uzito ulioandikwa, tumia hilo, na vua baketi kwanza, maana uzito wa baketi unatoka kwenye uwezo ule ule wa kunyanyua. Jedwali la uwezo lililobandikwa kwenye mashine linaonyesha jinsi uwezo unavyoshuka kadiri mkono unavyonyooka. Likiwa limefutika, omba nakala kwa muuzaji kabla ya kunyanyua kalavati au tangi.