Picha Iliyokanusha Daftari: Jinsi ya Kusoma Kumbukumbu za Mashambulizi ya Mabomu

Anayefungua daftari la operesheni la kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza la mwaka 1941, katika fungu la AIR 27 la nyaraka za taifa huko Kew, London, atakuta majina ya marubani na wenzao, saa ya kuruka, saa ya kutua, kisha sentensi fupi isemayo kwamba shabaha ilishambuliwa na moto ukaonekana. Kwa kawaida waliotoa taarifa hiyo waliiamini. Sisi tunaoshughulika na nyaraka huuliza jambo jingine: aliyeisema aliwezaje kujua?

Agosti 1941 swali hilo lilipata jibu chungu. Lord Cherwell, mshauri wa Churchill katika mambo ya sayansi, alimkabidhi David Bensusan-Butt, mtumishi wa serikali na wala si mwanajeshi, picha zipatazo 650 zilizopigwa usiku katika mashambulizi 100 ya Juni na Julai mwaka huo. Picha hizo zilipatikana kwa ufundi wa aina yake: pamoja na mabomu, ndege ilidondosha fataki ya mwanga iliyolipuka angani na kuimulika ardhi kwa nukta moja, huku kamera iliyofungwa tumboni mwa ndege ikiwa imeachwa wazi kuupokea mwanga huo. Mto, njia ya reli au ukingo wa msitu ulioonekana pichani ulitosha kumwonyesha mchambuzi mahali ndege ilipokuwa hasa.

Ripoti ya Butt ilionyesha kwamba kati ya ndege zilizodai kushambulia shabaha, ni moja tu katika kila tatu iliyofika ndani ya maili 5, yaani kilomita 8 hivi. Katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani, lililogubikwa na moshi wa viwanda na kulindwa kwa kurunzi na mizinga, ilikuwa moja katika kumi. Mwezi ulipokuwa mpevu zilifika mbili katika tano. Usiku wa giza, moja katika kumi na tano. Tena kipimo chenyewe kilikuwa cha huruma, kwa kuwa duara la nusu kipenyo cha kilomita 8 lina eneo la kilomita za mraba 200 hivi, na ndani yake aghalabu mna mashamba mengi kuliko viwanda. Hesabu hizo pia ziliziacha nje ndege ambazo wenyewe walikiri kwamba hawakuiona shabaha. Zikijumuishwa zote zilizotumwa, uwiano unashuka hadi moja katika tano.

Maofisa wengi waliipinga ripoti hiyo. Hata hivyo, Septemba 1941 kamandi ya ndege za mabomu ilipata kitengo chake cha utafiti wa operesheni, yaani cha kupima mashambulizi kwa njia za kisayansi, chini ya Basil Dickins. Februari 1942 ikatoka amri iliyoelekeza mabomu kwenye ari ya raia wa Ujerumani, hasa wafanyakazi wa viwandani. Kwa maoni yangu, vipimo vya Butt viliirahisisha hatua hiyo, ingawa havikuilazimisha.

Baadaye katika vita, taarifa za marubani wa Uingereza zinataja kombora la Wajerumani ambalo marubani hao waliliita "scarecrow", yaani sanamu ya shambani ya kutisha ndege, jina ambalo katika Kiswahili linabeba maana zote mbili za neno ndege. Iliaminika kwamba kombora hilo lililipuka kwa kuigiza ndege inayoteketea, ili kuwavunja moyo waliobaki. Baada ya vita haukupatikana ushahidi wowote kwamba liliwahi kuwapo. Walichokiona ni ndege za wenzao zikilipuka kweli, baadhi zikiwa zimepigwa kutoka chini na ndege za Kijerumani zenye mizinga iliyoelekezwa juu, iliyotumika kuanzia 1943 bila risasi zenye kung'aa njiani. Kwa hiyo msomaji akikuta neno hilo katika taarifa ya usiku fulani, aandike saa na mahali palipotajwa, kisha afungue orodha ya ndege ambazo hazikurudi usiku uleule.