Ridairekti ni nini hasa, na kwa nini 301 na 302 si kitu kimoja

Chukulia una duka la mapazia Mtaa wa Kongo pale Kariakoo na sasa umehamia Msimbazi. Mlangoni kwa duka la zamani unaweza ukabandika karatasi imeandikwa "TUMEHAMIA MSIMBAZI", au ukabandika "TUNAPAKA RANGI, WIKI HII TUPO MSIMBAZI". Mteja akisoma ya kwanza, Kongo anaifuta kichwani kabisa na hata shoga yake akimuuliza atamwambia nenda Msimbazi, ila akisoma ya pili wiki ijayo utamkuta yupo palepale Kongo anagonga mlango. Ridairekti ndo hiyo karatasi, na namba unayoiwekea ndo maneno yaliyoandikwa juu yake.

Kinachotokea ni kwamba brauza inaiomba seva ukurasa fulani, seva badala ya kuleta ukurasa inajibu namba inayoanza na 3 pamoja na mstari wa Location wenye anwani mpya, basi brauza inageuza inaenda huko. 301 na 308 zinasema nimehama jumla, 302 na 307 zinasema nipo pengine kwa muda. Google nao wanazisoma hivyohivyo: ya kuhama jumla wanaichukua kama ishara nzito kwamba anwani mpya ndo ionekane kwenye matokeo, ya muda wanaichukua kama ishara nyepesi tu, kwa hiyo anwani ya zamani inaweza ikaendelea kuonekana muda mrefu tu wakati wewe unashangaa mbona ukurasa mpya haupandi.

Na hapa ndo wengi wanaumia bila kujua, maana hawakuchagua 302, imejichagua yenyewe. Kwenye Apache (programu inayoendesha seva) ukiandika Redirect bila kutaja namba, inatoka 302. Kwenye PHP (lugha ya kuandikia tovuti) ukiandika header ya Location peke yake, 302 tena. Kwa hiyo mtu amehamisha tovuti nzima toka domeni ya .com kwenda .co.tz, kila linki inafika vizuri, ukibonyeza unaona kila kitu kipo sawa, kumbe muda wote anaiambia Google "narudi sasa hivi". Macho hayawezi kukuonyesha hiyo tofauti, lazima uangalie jibu la seva lenyewe. Fungua taminali, lile dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta, uandike curl -IL halafu anwani yako ya zamani, itakushushia kila kituo na namba yake.

Sasa usije ukasoma hapa ukakimbilia kuweka 301 kila mahali, mi hilo lilishanikuta. Kuna tovuti ya duka nilikuwa naihudumia, Ramadhani ikaja tukataka ukurasa wa mbele uwapeleke watu moja kwa moja kwenye ofa, nikaweka 301 kwa sababu nilikuwa nimekariri kwamba 301 ndo nzuri kwa SEO, yaani kuonekana vizuri kwenye matokeo ya Google. Idi ikapita, nikaitoa, kwangu ikafunguka vizuri, ila wateja wale wa kila siku wakawa wanapiga simu kwamba wakifungua wanapelekwa kwenye ofa iliyokwisha. Ni kwa sababu brauza ikipewa 301 ina ruhusa ya kuihifadhi, mara nyingine haigusi hata seva, inaenda ilikoelekezwa mara ya mwisho, na huwezi kuingia kwenye simu ya mtu ukamfutia. Ofa, matengenezo, majaribio, hizo ni kazi za 302. Swali la kujiuliza ni moja tu, hii anwani ya zamani nitaihitaji tena?

Za 307 na 308 zinakuja pale kuna fomu au malipo, kwa sababu kwa 301 na 302 brauza huwa zinaligeuza ombi la kutuma data likawa la kusoma tu, mtu amejaza kila kitu na data haifiki. 307 na 308 haziligusi ombi.

Tuje kwenye nguvu ya linki na spidi. Watu wanaogopa ridairekti inapunguza nguvu ya linki, lakini Gary Illyes wa Google alishasema tangu 2016 kwamba ridairekti za 30x hazipotezi PageRank, yaani alama ambayo Google wanaupa ukurasa kutokana na linki zinazouelekea. Kinachokula watu ni mnyororo. Mtu anaandika anwani ya http, anapelekwa https, toka hapo anapelekwa kwenye www, toka hapo kwenye ukurasa wenye jina jipya. Kila akihamishiwa https au jina jingine la seva simu inaanza upya kuungana na kusalimiana kwa usalama. Piga hesabu, tuseme kwenda na kurudi kwenye seva iliyoko Ulaya ni milisekunde 200: mnyororo huo unakula kama safari 9, yaani sekunde 1.8, na hapo hata picha moja haijashuka. Ukiifanya http iruke moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho zinabaki safari 5, sekunde 1. Mtu mwenye mtandao wa kusuasua hiyo anaisikia kabisa. Roboti ya Google yenyewe inafuata hadi hatua 10 halafu inaacha, ila usiisubiri ifike huko. Kila ukihamisha kitu, rudi kwenye ridairekti za zamani uzielekeze kwenye mwisho mpya, na linki za ndani ya tovuti yako zibadilishe kabisa zisipite kwenye ridairekti yoyote.

Kitu kingine nisichokipenda ni kurasa 300 za zamani zote kutupwa kwenye ukurasa wa mbele. Aliyekuja kutafuta bei ya mapazia ya dirisha dogo anatua ukurasa wa mbele hajui pa kuanzia, na Google mara nyingi wanaichukulia kama ukurasa haupo. Kila ukurasa uupeleke kwa ndugu yake wa karibu, usiokuwa na ndugu uuache utoe 404 (haupo) au 410 (umeondolewa kabisa).

Kuhusu muda, Google wanashauri uziache angalau mwaka mmoja. Mi siziondoi kabisa, maana linki za zamani bado zipo kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye vipeperushi, na kila siku nikifungua logi za seva naona kuna mtu amepitia mlango wa Kongo.