Kimeng'enya hakiishi kwa kutumika

Hapa Newala, ukitaja kung'arisha juisi ya mabibo kwa kimeng'enya kinachovunja pektini (kitu cha matunda kinachoifanya juisi iwe nzito na ya ukungu), utaambiwa: kikitumika mara moja kimekwisha, nunua kingine. Si kweli hata kidogo! Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali bila yenyewe kuliwa. Tunakipoteza kwa sababu kinayeyuka ndani ya juisi, na chujio la jikoni haliwezi kukitoa.

Dawa ni kukifunga kwenye kitambaa cha pamba. Selulosi, yaani kitu kinachounda nyuzi zake, ina vishikio vya haidroksili (jozi za oksijeni na haidrojeni) ambavyo, vikiandaliwa kwa kemikali, hushika protini. Kazi ikiisha unavuta kitambaa, unakisuuza, unakitumbukiza tena. Na kikifungwa bado hufanya kazi: mwaka 1916 wanakemia Nelson na Griffin walionyesha invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari, ikiendelea na kazi hiyo hata ikiwa imenata kwenye mkaa. Ila usikichemshe kitambaa: joto kali huvuruga umbo la protini, na kimeng'enya hakifanyi kazi tena.