"Nakumbuka kama jana" si ushahidi

Juzi tena, kwenye daladala ya Uyole, Mbeya, dada mmoja anamsimulia mwenzake kwamba mumewe anamfanyia gaslaitingi, yaani anamchezea akili mpaka ajitilie shaka mwenyewe. Ushahidi? Mume alisema hela ya viazi watanunulia kiwanja, sasa anakana, na yeye anakumbuka kama jana. Gari zima likaguna kwa huruma. Mimi nikauma meno. Kauli hii naisikia mno kwenye vikao vya ushauri, na imenichosha.

Kwamba kumbukumbu hujengwa upya kila tunapoiita, mwanasaikolojia Bartlett alishaandika mwaka 1932, sikai hapo. Kinachonikera ni imani kwamba uhakika ndio mizani ya ukweli. Januari 1986 chombo cha anga Challenger kilipolipuka, watafiti wa kumbukumbu Neisser na Harsch waliwataka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waandike asubuhi iliyofuata: ulikuwa wapi, habari uliipataje? Baada ya miaka miwili na nusu hivi wakawauliza tena. Wengi walikosea mambo ya msingi, tena kwa kujiamini kabisa. Walipooneshwa karatasi zao, mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya mwanzo haikurudi.

Sasa tuje kwenye hela ya viazi. Mke kampigia dada yake usiku uleule. Dada anauliza, "Alikufokea vipi?" Hapo kufoka kumeshaingia, hata kama hakukuwapo. (Watafiti Loftus na Palmer walilipima hili mwaka 1974: video zilezile za ajali, ukiuliza magari "yalipopondana" yalikuwa kwenye kasi gani, wastani wa majibu ni maili 41 kwa saa, ukisema "yalipogusana", 32.) Mume naye kasimulia kijiweni Kabwe, wenzake wamecheka, kaongeza chumvi. Msimu ukipita wanakuja kwangu na matukio mawili tofauti, na inawezekana kabisa hakuna mwongo kati yao.

Gaslaitingi haigombei nani alisema nini. Inagombea kama akili yako inafaa kuaminiwa. "Mimi sikumbuki hivyo" ni ubishi wa kawaida wa ndoa, hata ukirudiwa kila mwezi. Lakini "umeanza tena, hata wifi zako wanasema hauko sawa", leo kuhusu hela, kesho funguo, keshokutwa ujumbe uliofutwa kwenye simu yako halafu unaambiwa haukuwahi kuwapo: huyo anakubomoa.

Na hapa ndipo mizani ya uhakika inapofanya madhara. Mtu aliyebomolewa hivyo kwa miaka anaongea kwa "nadhani" na "labda nilikosea mimi". Mpeleke mbele ya wazee, au kwenye baraza la usuluhishi ambalo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mpitie kabla ya kuomba talaka. Yeye anasitasita, mwenzake anamwaga maneno bila kupepesa macho. Nani ataaminiwa? Tunampa ushindi aliyeiba uhakika, kwa sababu anao.

Mtaniuliza ninawatofautishaje. Kikao cha kwanza, mara nyingi siwezi. Huwa natazama mtu anapooneshwa ujumbe alioutuma mwenyewe. Aliyesahau hushtuka: "Kumbe?" Mwenye lake hukasirika kwa nini uliuhifadhi. Kipimo kizuri, ila kina matundu: mwenye kiburi tu naye hukasirika, na fundi wa kuchezea akili anajua kusema "kumbe" kwa sauti tamu kuliko wote. Je, lazima awe amekusudia? Sijaamua. Wapo waliokulia kwenye nyumba zinazoongea hivyo, hawajui lugha nyingine, na mwenzao anaumia vilevile.

Basi andika siku hiyohiyo, kabla ya kumpigia dada. Weka tarehe. Daftari likae mahali ambapo mwenzako hafiki. Na wewe uliyeipiga picha aya ya Bartlett umtumie mkeo umwambie "umeona?", aya hiyo inakuhusu na wewe. Anza na ile hadithi ya kijiweni.