Vichocheo Yabisi: Mafiga Yanayogeuza Hewa ya Ukaa kuwa Methanoli

Chungu kikishaepuliwa, mafiga hubaki mekoni yakingoja mapishi ya kesho. Ndivyo kilivyo kichocheo yabisi, yaani kitu kigumu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali: kinashiriki katika mmenyuko, lakini hakiliwi nao. Kichocheo cha kimiminika nacho hakiliwi, ila huchanganyika na zao la mmenyuko kama chumvi kwenye mchuzi, na kukitoa humo ni kazi na gharama.

Mfano ninaoupenda uko Svartsengi, Iceland, penye kituo cha umeme wa jotoardhi kama vile vya Olkaria, Kenya. Mvuke unaopanda kutoka ardhini huja na hewa ya ukaa. Kampuni ya Carbon Recycling International ilijenga hapo kiwanda na kukipa jina la George Olah, mwanakemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1994. Kilibuniwa kuzalisha tani 4,000 za methanoli kwa mwaka kutokana na tani 5,500 hivi za hewa ya ukaa. Methanoli ni fueli, na pia ni malighafi ya gundi za mbao na plastiki.

Kichocheo kilichozoeleka katika kazi hii ni vidonge vya shaba na oksidi ya zinki vilivyoshikizwa kwa alumina, yaani oksidi ya alumini. Hewa ya ukaa na haidrojeni hupitishwa juu yake kwa mgandamizo mkubwa na joto la nyuzi 200 hadi 300. Molekuli hutua juu ya uso wa vidonge, vifungo hulegea, haidrojeni hujipachika. Hutoka methanoli na maji.

Lakini hata mafiga hupasuka. Gesi ya jotoardhi ina salfa, ndani ya ile gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo hung'ang'ania shaba isibanduke. Kwa hiyo gesi lazima isafishwe kwanza. Joto likizidi, chembe za shaba huungana kuwa madonge na uso wa kufanyia kazi hupungua. Maji yanayozaliwa na mmenyuko wenyewe huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana nikisikia kichocheo kimesifiwa kuwa "kinatumika tena" baada ya majaribio matano ya maabara, huuliza: na baada ya saa elfu moja je?

Jambo jingine husahaulika: kichocheo hakileti nishati. Tani moja ya methanoli huhitaji kilo 190 hivi za haidrojeni, na kila kilo, ikitengwa kutoka kwenye maji, hula takriban yuniti 50 za umeme. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, hewa ya ukaa itakayotoka kwenye dohani ya kituo cha umeme itaizidi mara kadhaa ile iliyomezwa na kiwanda. Iceland haina shida hiyo, kwa kuwa hupata karibu umeme wake wote kutoka kwenye mito na jotoardhi.